Watoto Ni Wangapi? Habari za Mafumbo ya Hesabu Tangu Kale

Kila mwalimu aliyepata kushika chaki alijua jambo hili. Mtoto akiandikiwa ubaoni 24 na 33 na 57, akaambiwa ajumlishe, hupata 114 bila kusita. Lakini mtoto yule yule akisomewa maneno haya: "Darasa la kwanza lina watoto 24. Darasa la pili limezidi la kwanza kwa watoto 9. Darasa la tatu lina watoto sawa na madarasa yale mawili pamoja. Je, shule nzima ina watoto wangapi?" mara hukwama. Mwingine hujumlisha 24 na 9, akapata 33, akaweka kalamu chini kama msafiri aliyefika, kumbe bado yuko njiani. Kazi ya kujumlisha ni ile ile. Kilichozidi ni kwamba hesabu imevikwa maneno, na mtoto hakuweza kuivua.

Hesabu za namna hii twaziita mafumbo, na jina hilo lafaa sana. Watu wetu tangu zamani wamezoea kutegana vitendawili jioni. Mmoja husema, "Kitendawili!" na wenzake huitikia, "Tega!" Hapo hapana ajibuye kwa masikio tu, yampasa kila mtu kutafuta kilichofichwa nyuma ya maneno. Fumbo la hesabu ni ndugu yake kitendawili, ila lina sharti moja zaidi. Kitendawili chaweza kufumbuliwa mara moja, kwa kukumbuka. Fumbo la hesabu hufumbuliwa kwa hatua, moja baada ya nyingine, na hatua moja ikirukwa jibu lote huharibika.

Nataka kueleza hapa habari za mafumbo hayo, hasa yale ya kuhesabu wanafunzi. Ni ajabu kuona ya kuwa swali hili, "Wanafunzi wako ni wangapi?" limeulizwa kwa mafumbo kwa muda wa miaka zaidi ya elfu, katika nchi nyingi na lugha nyingi.

1. Misri na Jumla ya Ahmose

Katika nyumba ya makumbusho ya London, iitwayo British Museum, mna gombo la mafunjo lililoandikwa Misri kadiri ya mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mwandishi wake aitwa Ahmose, naye asema kwamba alinakili maandiko ya zamani zaidi. Mtu wa Scotland, jina lake Alexander Henry Rhind, alilinunua huko Luxor mwaka 1858, na kwa sababu hiyo gombo hilo huitwa kwa jina lake.

Ndani yake mna mafumbo mengi ya mikate, ya nafaka, na ya mashamba. Moja lapendeza kwa habari yetu. Ahmose ataja nyumba 7, na paka 49, na panya 343, na masuke 2,401, na vipimo vya nafaka 16,807. Kila hesabu ni mara saba ya ile iliyotangulia. Kisha atoa jumla ya vyote: 19,607. Msomaji na aijaribu mwenyewe kwa hatua: 7 na 49 ni 56, ongeza 343, wapata 399, ongeza 2,401, wapata 2,800, ongeza 16,807, wapata 19,607.

Jumla hiyo ni sahihi. Lakini nyumba, paka, panya, masuke, na vipimo, ukivijumlisha pamoja, umepata 19,607 za nini? Hapana jina moja la vitu hivyo vyote. Basi tangu zamani zile twaona ya kuwa mtu aweza kujumlisha sawasawa na jibu lake lisiwe na maana ya matumizi. Jambo hili tutalikuta tena mbele.

2. Makambi Manne

Wasomaji wengi wanacho nyumbani kitabu kingine cha zamani kilichojaa jumla kubwa, nacho katika lugha yetu kimeitwa Hesabu. Katika mlango wa 1 yametajwa makabila kumi na mawili, kila moja na idadi ya watu wake waume, na mwisho jumla yao 603,550. Mlango wa 2 warudia idadi zile zile, lakini kwa mpango mwingine: makabila yamewekwa matatu matatu katika makambi manne, na kila kambi imepewa jumla yake. Kambi ya Yuda, upande wa mashariki, ni 186,400. Kambi ya Reubeni ni 151,450. Kambi ya Efraimu ni 108,100. Kambi ya Dani ni 157,600.

Ukijumlisha makambi manne wapata 603,550, yaani sawasawa na jumla ya makabila kumi na mawili. Hapa mwalimu apata somo kubwa. Kazi ndefu ya kujumlisha hugawanywa makundi. Kila kundi hupewa jumla yake ndogo. Kisha jumla ndogo hukusanywa. Tena njia mbili zikifika mahali pamoja, mtu hupata hakika ya kazi yake. Mwanafunzi aliyejumlisha madarasa yote kwa mfululizo, kisha akajumlisha wavulana peke yao na wasichana peke yao, na majibu yakapatana, haina haja kumwuliza mwalimu kama amepata.

3. Wanafunzi wa Pythagoras

Sasa tuje kwa Wayunani. Pythagoras alizaliwa katika kisiwa cha Samos, akahamia mji wa Croton kusini mwa Italia, akakusanya wanafunzi huko karne ya 6 kabla ya Kristo. Miaka mingi baada ya kufa kwake Wayunani walitunga mafumbo ya hesabu kwa mashairi, na mengi yao yamehifadhiwa pamoja na jina la Metrodorus. Fumbo moja lasimulia kwamba Polycrates, mtawala wa Samos, alimwuliza Pythagoras idadi ya wanafunzi wake.

Pythagoras hakutaja idadi. Alijibu kwa makundi: nusu ya wanafunzi wanajifunza hesabu, robo wanachunguza mambo ya maumbile, sehemu moja ya saba wanakaa kimya wakitafakari, na zaidi ya hao kuna wanawake watatu. Basi wote ni wangapi?

Tulifumbue polepole. Tunatafuta idadi inayogawanyika kwa mbili, kwa nne, na kwa saba bila kubaki kitu. Iliyo ndogo kupita zote ni 28. Nusu yake ni 14, robo yake ni 7, sehemu ya saba ni 4. Sasa jumlisha: 14 na 7 ni 21, na 4 ni 25. Bado watatu kutimiza 28, nao ndio wale wanawake watatu waliotajwa. Basi wanafunzi wote ni 28.

Utaona ya kuwa katika fumbo hili jibu lajithibitisha lenyewe. Kama mtu angesahau kundi moja, kwa mfano wale wanyamavu, jumla isingetimia. Na kama angewasahau wale wanawake watatu, asingepata jibu kabisa, maana wao ndio idadi pekee iliyotajwa wazi. Nusu na robo na sehemu ya saba bila wao ni maneno yasiyo na mzizi. Kundi dogo kuliko yote ndilo lililobeba ufunguo.

4. Mwalimu wa York

Miaka mia nyingi ikapita. Karibu na mwaka 735 alizaliwa Uingereza mtu aliyeitwa Alcuin, akawa mwalimu wa shule ya York. Mwaka 782 hivi alikwenda kwa Charlemagne, mfalme wa Wafranki, kumsaidia katika mambo ya elimu, akafa mwaka 804 huko Tours. Kuna kitabu cha mafumbo kinachodhaniwa kuwa kazi yake, na jina lake la Kilatini lina maana ya maswali ya kunoa akili za vijana. Humo ndimo lilimo fumbo la mtu aliyetaka kuvusha mto mbwa-mwitu, mbuzi, na kabichi, ambalo hata leo watoto hupewa kwa namna nyingi.

Mna na fumbo la shule. Mtu alikutana na wanafunzi njiani akawauliza, katika shule yenu mko wangapi? Mmoja akakataa kumwambia waziwazi. Akamwagiza azidishe idadi yao mara mbili, kisha mara tatu, kisha agawanye mafungu manne. Na fungu moja, akiongezwa yeye mwenye kujibu, litatimia mia.

Fumbo hili hufumbuliwa kwa kurudi nyuma, kama mtu anayefuata nyayo zake mwenyewe. Mwisho ni 100. Ondoa yule mmoja, wabaki 99. Hilo ni fungu moja katika manne, basi yote manne ni 396. Gawanya kwa tatu, wapata 132. Gawanya kwa mbili, wapata 66. Wanafunzi walikuwa 66.

Fumbo jingine katika kitabu hicho ni la kujumlisha hasa. Mtu aliwaona watu njiani akatamani wangekuwapo wengine idadi yao. Na tena nusu ya nusu ya hao wote. Na tena nusu ya hiyo. Hapo pamoja naye wangekuwa mia. Walikuwa 36. Tuone: 36 na 36 ni 72, nusu ya nusu ya 72 ni 18, jumla 90, nusu ya 18 ni 9, jumla 99, na yeye mwenyewe, 100.

Na tukumbuke ya kuwa vijana wale hawakuwa na tarakimu tunazotumia sisi. Walitumia herufi za Kirumi, wakahesabu kwa vidole. Kuandika 396 kwa herufi hizo ni CCCXCVI, na kujumlisha kwazo ni taabu tupu. Kwa hiyo fumbo lilikuwa kazi ya kichwa, na aliyelifumbua alistahili sifa.

5. Tarakimu Zilizotufikia Sote

Tarakimu zetu zilianza Bara Hindi, pamoja na ile alama ya ajabu ya kuonyesha mahali pasipo kitu. Kadiri ya mwaka 825 mtaalamu aitwaye al-Khwarizmi, wa Baghdad, aliandika kitabu cha kueleza hesabu za Kihindi. Jina lake likageuzwa na watu wa Ulaya likawa jina la kila kazi ifanywayo kwa hatua zilizopangwa. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, ambaye katika ujana wake alijifunza tarakimu hizo Afrika ya Kaskazini, katika mji wa Bejaia ulio Algeria ya leo, aliandika kitabu kikubwa kwa Kilatini na kuzieneza Ulaya.

Na sisi wasemao Kiswahili tunayo alama ya safari hiyo vinywani mwetu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, na kumi ni maneno ya asili ya Kibantu; bali sita, saba, tisa, ishirini, mia, na elfu yametoka kwa Waarabu. Neno sifuri ni la Kiarabu, na kutoka neno hilo hilo Wazungu wamepata majina yao ya sifuri. Hata maneno hesabu na jumla yametujia kwa njia hiyo ya bahari. Basi mtoto wa kijijini ajumlishaye madarasa ya shule yake anatumia tarakimu za Bara Hindi na maneno ya Kiarabu na ya Kibantu katika sentensi moja.

Baada ya uchapaji kuanza, vitabu vya hesabu viliongezeka. Alama za kujumlisha na kutoa zilionekana katika kitabu cha Johannes Widmann kilichochapwa Leipzig mwaka 1489. Ujerumani alitokea Adam Ries, ambaye kitabu chake cha mwaka 1522 kilipendwa hata Wajerumani wakitaka kusema hesabu fulani ni sahihi hutaja jina lake mpaka leo. Uingereza Robert Recorde alitoa kitabu mwaka 1543 kilichoandikwa kama mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi. Mwanafunzi auliza, akosa, asahihishwa. Yeye ndiye aliyeleta mwaka 1557 alama ya usawa, mistari miwili iliyolala sambamba, kwa kuwa, kwa maoni yake, hapana vitu viwili viwezavyo kuwa sawa kupita hivyo.

6. Mamia ya Watoto na Mwalimu Mmoja

Karne ya 18 ilipokaribia mwisho, miji ya Uingereza ilijaa watoto maskini wasio na shule. Mwaka 1798 kijana aitwaye Joseph Lancaster alifungua shule Southwark, London. Watoto wakazidi hata wakawa mamia, naye mwalimu ni mmoja. Akawagawanya makundi, na kila kundi akaliwekea kiranja, mtoto mwenzao aliyejua kidogo zaidi. Andrew Bell, mtu wa Scotland, alikuwa amefanya vivyo hivyo katika shule ya yatima huko Madras, Bara Hindi, akaandika habari zake mwaka 1797. Njia hiyo ikaenea nchi nyingi, kwa kuwa gharama yake ilikuwa ndogo.

Hatuwezi kuidharau njia iliyowafundisha maskini kusoma. Walakini katika hesabu ilikuwa na kasoro kubwa. Kiranja alipewa karatasi yenye hesabu na majibu yake. Alisoma tarakimu, watoto wakaandika. Alisoma jinsi ya kujumlisha kila safu, wakafuata. Lancaster mwenyewe alijivuna ya kuwa mtoto wa miaka minane aliyejua kusoma tarakimu aliweza kufundisha kwa karatasi hiyo. Ni kweli, lakini basi mwenye kufundisha hakuhitaji kuelewa, na mwenye kufundishwa vile vile. Watoto walijumlisha makumi elfu, na huenda hawakuulizwa hata mara moja: makumi elfu ya nini?

Wakati ule ule, huko Uswisi, alikuwako mtu wa fikira nyingine. Johann Heinrich Pestalozzi alizaliwa mwaka 1746. Mwisho wa mwaka 1798, baada ya vita, alikabidhiwa yatima wa Stans, akaishi nao miezi michache. Baadaye alikuwa na shule Burgdorf, kisha Yverdon toka mwaka 1805 hata 1825. Yeye alishika neno moja: kwanza kitu, kisha neno, na tarakimu mwisho. Mtoto ahesabu mawe, vidole, madirisha; ajue kwa macho na mikono kwamba tatu na mbili ni tano, ndipo aandike.

Mafundisho yake yalivuka bahari. Mwaka 1821 Warren Colburn wa Massachusetts, Marekani, alitoa kitabu kidogo cha hesabu za kichwani kwa kufuata njia ya Pestalozzi. Mwanzo wake ni vidole gumba vya mtoto mwenyewe: mkono huu vingapi, na huu vingapi, na yote miwili pamoja? Kutoka hapo maswali yaliendelea kwa mambo ambayo mtoto ayaona kila siku. Kanuni haikutangulia, mtoto aliigundua mwenyewe baada ya kufumbua mafumbo mengi. Kitabu hicho kilitumika Marekani kwa miaka mingi sana.

Tangu siku zile walimu wameshindana juu ya jambo hili: mtoto afundishwe kanuni aishike, au aongozwe aelewe? Nadhani jibu ni kwamba vyote viwili vyatakiwa. Lakini anayeshika kanuni bila kuelewa hupotea siku ile hesabu inapovaa maneno.

7. Umri wa Nahodha

Hatari hiyo ilionekana wazi Ufaransa. Gustave Flaubert, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alimwandikia umbu lake barua mwaka 1841 akimtania kwa fumbo la merikebu. Alitaja shehena na bandari na mambo mengine mengi, kisha akauliza nahodha ana umri gani. Kwa kweli hapakuwa na njia ya kujua.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1979 na 1980, walimu wachunguzi wa mji wa Grenoble waliwapa watoto wadogo wa shule swali la namna hiyo: merikebu ina kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 97 waliulizwa, na 76 walitoa jibu kwa kutumia zile tarakimu zilizotajwa. Ukijumlisha 26 na 10 wapata 36, na miaka 36 ni umri wa nahodha kweli kweli. Kwa hiyo jibu lilionekana jema. Kondoo na mbuzi wakageuka kuwa miaka ya mtu, wala watoto wale hawakushtuka.

Watoto hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kuwafundisha: ya kuwa kila swali la hesabu lina jibu, na kila tarakimu iliyotajwa lazima itumiwe. Hapa ndipo twakumbuka jumla ya Ahmose, ya paka na panya na masuke. Yeye alijua anachofanya, mtoto asiyefundishwa kuuliza "ya nini?" hajui.

8. Hatua za Kufumbua

Mwaka 1945 George Pólya, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa kitabu cha jinsi ya kufumbua maswali. Alitaja hatua nne: kwanza elewa swali; pili panga njia; tatu tenda; nne tazama nyuma uhakikishe. Na tangu miaka ya 1980 walimu wa Singapore wamewafundisha watoto kuchora milia, mrefu na mfupi, kuonyesha kundi kubwa na dogo kabla ya kuandika tarakimu yo yote. Milia hiyo yaweza kuchorwa hata mchangani kwa kijiti.

Na tutumie hatua hizo kwa fumbo letu la kwanza. Elewa: twaulizwa watoto wa shule nzima, madarasa matatu. Panga: darasa la kwanza twalijua; la pili limefichwa, na la tatu limefichwa nyuma ya la pili; basi hatuwezi kupata jumla kabla ya kuyafunua hayo mawili. Tenda: la kwanza 24, la pili 24 na 9, yaani 33, la tatu 24 na 33, yaani 57, jumla 24 na 33 na 57, yaani 114. Tazama nyuma: darasa la tatu ni sawa na mawili ya kwanza pamoja, basi shule nzima ni mara mbili ya 57, nayo ni 114. Njia mbili zimekutana, kama makambi manne na makabila kumi na mawili.

Liko kosa jingine la kuangalia, nalo ni kuhesabu mtoto mara mbili. Tuseme darasa lina watoto 40. Waimbaji ni 18, wachezaji wa mpira ni 15, na watoto 6 wamo katika makundi yote mawili. Je, walio katika kundi lo lote ni wangapi? Mwenye haraka husema 33. Lakini wale 6 wamehesabiwa kwa waimbaji, wakahesabiwa tena kwa wachezaji. Waondoe mara moja, na jibu ni 27. Watoto 13 hawamo katika kundi lo lote. Kabla ya kujumlisha makundi, uliza kwanza kama yuko aliyesimama katika mawili.

Huenda mzazi akasema, haya ni michezo ya shuleni, yanifaa nini mimi mkulima? Na afikiri hivi. Mtu ametumwa kununua vitabu vya shule ile yenye madarasa matatu. Akisimama kwenye 33, ataleta vitabu 33, na watoto 81 watakaa mikono mitupu. Vivyo hivyo katika kugawa uji, au mbegu, au katika kutoza mchango. Mtu asiyejua kufuata hesabu ya maneno huwa mikononi mwa yule ajuaye, na si wote wajuao ni waaminifu. Hesabu za duniani haziji zimepangwa ubaoni. Huja katika maneno ya mfanyi biashara, katika barua, katika mapatano. Aliyezoea mafumbo tangu utoto huuliza, "Ya nini? Ya nani? Hatua ipi imefichwa?" wala haoni haya kuuliza.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: tusiridhike mtoto akipata jibu; tumwulize amelipataje. Na wazazi, wakati wa jioni, baada ya vitendawili, tegeni na fumbo moja la hesabu, hata kama ninyi wenyewe hamkusoma sana. Mtoto akilieleza kwa maneno yake mpaka ninyi mkalielewa, hapo amejua kweli.

Basi na tumalize kwa fumbo la wasomaji. Shule moja ina makundi manne na walimu 4. Kundi la kwanza lina watoto 17. La pili limezidi la kwanza kwa watoto 8. La tatu ni sawa na la kwanza na la pili pamoja. La nne limezidi la tatu kwa watoto 6. Watoto wa shule hiyo ni wangapi? Mwenye kupata 25 amesimama njiani. Mwenye kupata 35 amejumlisha kila tarakimu aliyoiona, kama wale waliompa nahodha umri wa kondoo na mbuzi. Mwenye kupata 136 amefanya kazi nzuri sana, ila amewahesabu na walimu.